Kibao cha Msituni

Juzi niliona watoto wa Sekei wakienda mtoni na vitabu, nikakumbuka alasiri moja ya likizo, utotoni mwangu enzi za mkoloni. Mama, asiyejua herufi hata moja, alinipeleka msituni, kule juu ya shamba letu la migomba. "Chochote utakachokiona, kisome." Kulinukia udongo mbichi, mbega wakinguruma. Nikaona kibao kimepigiliwa mtini. Nikadhani tumewekewa sisi watoto wa shule tujifunzie.

"Ni marufuku Mwafrika kuingia," nikasoma kwa sauti.

Mama akapiga vigelegele: mwanawe anajua kusoma!

Vikamleta Elifasi, mdogo wake baba, na kiboko chake. Alikuwa nyapara wa mzungu aliyetunyang'anya msitu ule, na ni yeye Elifasi aliyekuja baadaye kumtia baba maneno hadi nikatolewa shule. Sijamsamehe.

"Mama Ndeshi, mnasoma marufuku na bado mmesimama?"

Mama akachuma jani la isale, akamnyooshea kwa mikono miwili. Kwetu Wameru, ukiombwa radhi kwa isale huwezi kupiga. Elifasi akashusha kiboko, akasonya.

"Haya, tokeni!"

"Tunatoka, shemeji. Ndeshi, msomee kwanza baba yako mdogo."

Nikasoma kibao kizima, polepole, na Elifasi akasimama akinisikiliza mpaka mwisho.