Kumuruka Bwana

Kwetu Kapata, kwenye nyumba za kampuni zilizopangwa safu safu, hatukukosa maneno ya kumwita mtu asiye mwaminifu. Sabuni ilikosekana, unga ulikosekana, maneno hayo hapana. Aliyepeleka habari za wenzake kwa wakubwa wa kazi, tulisema "anauzisha bantu". Aliyecheka nawe asubuhi na kukusengenya mchana alikuwa "mutu ya midomo mbili". Baada ya vita kupita Kolwezi, mji wetu, askari walituletea "traître", yaani msaliti, na hilo hatukulichezea, maana lilimpeleka mtu asikorudi. Lakini mwanaume aliyeweka mwanamke mwingine mjini alikuwa na "deuxième bureau" tu, na watu walilisema wakicheka. Hata padri nilimwona akicheka. Ofisi ya pili! Utadhani kapandishwa cheo.

Kwa mwanamke lilikuwepo moja, na hakuna aliyelicheka. "Alimuruka bwana yake." Yaani alilala na mwingine wakati mumewe yuko kwenye kazi ya hatari, na kwa kosa hilo mume ndiye anayeumia. Waluba walisema ni imani ya Wabemba, Wabemba wakasema ni ya Walunda, lakini siku mtu akiumia wote waliiamini.

Baba yangu aliumia kwenye shimo la shaba liitwalo Mashamba. Jiwe lilitoka juu ukutani likamvunja mguu. Waliosimama karibu naye halikuwagusa. Balaa ilianzia hapo. Lingewavunja wawili watatu, tungelia tukanyamaza. Lakini yeye peke yake! Majirani walikuja uani kumpa mama pole, na badala ya kuuliza kavunjika wapi, walimkagua uso, kisha wakatazamana wenyewe kwa wenyewe.

Nkambo, mama mzazi wa baba, alikuwa akilima Kasaji. Alikuja kwa treni, na hata kabla ya kuweka mzigo chini alisema, "Mutoto yangu anatumika mule siku zote, jiwe halimujue. Leo limemujua sababu ya nini?"

"Mama, jiwe ni jiwe," mama akamjibu.

"Aa-a. Jiwe linatumwaka."

Tangu siku hiyo mama alikatazwa kumpikia mgonjwa. Wazee walisema mwanamke aliyemruka mumewe akitia chumvi kwenye chakula chake, chumvi ile inamuua. Kwa hiyo nkambo alipika, nkambo akabeba sahani hospitalini, na mama akafuata nyuma mikono mitupu kama mtu asiyemjua mgonjwa. Niliona haya, tena nilikasirika. Mpaka leo nikikumbuka nakasirika.

Mama yeye hakuwa na wasiwasi mkubwa. Baba alikuwa mtu wa shule ya misheni, na mambo ya namna hiyo alizoea kuyaita "bujinga ya bazee". Mama aliegemea hapo. "Baba yako akirudi ku nyumba atamaliza hii maneno," aliniambia. "Anajua mi ni nani."

Baba akarudi, anatembea kwa magongo. Wazee wa ukoo wakaja kuketi sebuleni, wakatoa shauri la kizamani: mama apike, atie chumvi kwa mkono wake mwenyewe mbele ya wote, na mume ale. Akila, yameisha, na atakayelirudia neno lile atatoa mbuzi. Asipokula, ina maana mume mwenyewe ana shaka, na mama atabaki na jina hilo mpaka kaburini. Sisi binti zake nani angetuoa?

Mama alifurahi, jamani. Alichinja kuku, akasonga bukari, ndio ugali wetu, akaimba nyimbo za kanisani jikoni. Wakati wa chumvi ulipofika aliiweka kiganjani, akapita nayo mbele ya kila mzee. "Mufungue macho," akasema, akaitia.

Baba alinawa. Alimega tonge, akalifinyanga, akalichovya kwenye mchuzi. Nkambo alikohoa, kidogo tu. Baba akamtazama mama yake, akatazama sahani, na jasho likamtoka kwenye paji la uso. Nilisema moyoni, kula, baba, kula basi. Akalirudisha tonge kwenye sahani.

"Sina njaa," akasema.

Ee Mungu wangu. Alikuwa hajatia kitu mdomoni tangu asubuhi, na sote tulijua. Mzee mmoja alitafuta kofia yake. Mama akasogea, nikadhani sasa atalia, wala hakulia. Aliivuta sahani, akaketi chini palepale mbele ya wanaume, akaanza kula. Alikula bukari, akala mapaja, akala na firigisi, ambayo kwetu ni ya mwenye nyumba na mwanamke haigusi.

Nkambo akapiga makofi ya mshangao. "Mama eee! Firigisi ya bwana!"

"Bwana hana njaa," mama akajibu, mdomo umejaa. "Mi niko nayo."

Wazee walitoka bila kuaga vizuri, na nkambo akawasindikiza njiani. Mama alikwenda jikoni kusugua sufuria, nami nikakaa naye. Mara tukasikia magongo. Baba alikuja mpaka mlangoni, akageuka kwanza kuhakikisha mama yake hajarudi.

"Kulibakia kidogo?" akauliza kwa sauti ya chini.

Hapo nikajua hakuwahi kuamini hata kidogo. Chumvi ya mama hakuiogopa. Alimwogopa mama yake tu, na kwa woga huo akamwacha mkewe aitwe lile neno. Mama naye alijua, niliona mabegani mwake. Hakugeuka.

"Biliisha, baba," akamjibu, akaendelea kusugua.