Siri ya Ansima Niliitoa Mimi

Nilimuumiza mtoto wa mtu, na nilifanya hivyo kwa akili zangu zote. Hakuna aliyenisukuma. Naficha jina langu kwa sababu ya aibu, na kwa sababu wengi hapa Bukavu bado wananiita maman injenieri kwa heshima. Heshima hiyo nikiisikia sasa, nainamisha kichwa.

Mimi ni injenieri wa maji. Nimefanya kazi miaka mingi kwenye biro moja, ofisi inayochora mipango ya mabomba na matangi. Miaka hiyo yote nilikuwa mwanamke peke yangu kati ya wainjenieri. Nililalamika sana juu ya hilo. Kumbe nilikuwa nalipenda.

Chuo nilichosomea kilituomba sisi wa zamani tusindikize wanafunzi wa mwaka wa mwisho: tuwaonyeshe namna ya kuandika barua ya kazi, kujibu maswali, kuishi na wakubwa kazini. Mimi nilipewa Ansima, binti wa mtaa wa Bagira. Baba yake alishafariki, mama yake anauza avoka sokoni.

Siku ya kwanza alisimama mlangoni kwangu Nyalukemba, midomo inatetemeka, jina lake mwenyewe halitoki. Alikuwa na kigugumizi. Chuoni alijifunza kukificha: anajibu kwa neno moja, anacheka, anasingizia koo. Hata maprofesa wake walidhani ana haya tu.

Wiki ya tatu aliniambia yote. "Maman, nakuambia wewe tu. Batu ba kazi basijue. Bakijua, bataniona mujinga hata sijafungua kinywa."

"Itabakia kwangu," nikamjibu. Na wakati ule nilisema kweli.

Kila Jumamosi alikuja. Tulikaa kwenye barza, mbele ya nyumba, anasoma gazeti kwa sauti, polepole, akigonga kidole kwenye goti. Mume wangu naye aliingia mchezoni. Alivaa kravati, ile tai yake ya kazini, juu ya pijama, akaketi mbele yake kama bosi, akamuuliza kwa sauti nzito: "Mademoiselle, ju ya nini tukuchukue wewe?" Ansima alicheka mpaka akasahau kuogopa, na maneno yakatoka. Baada ya miezi minne alikuwa anataja jina lake bila kukwama. Nilimpenda binti yule. Msinielewe vibaya, nilimpenda kweli.

Nikamuombea stage, mazoezi ya kazi, pale kwenye biro yetu. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, na yaliharibika ndani yangu.

Siku moja tulikuwa kwenye mkutano, nimetandaza mezani mchoro wangu wa tangi la mtaa mmoja wa mlimani. Ansima aliinua mkono. Akavuta pumzi kama nilivyomfundisha, akasema, "Samahani maman. Tangi iko chini kuliko zile nyumba tatu za mwisho. Maji haitapanda."

Alikuwa sahihi. Kosa lilikuwa la mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, na nilikuwa nimelifanya mimi. Direkta, mkubwa wetu wa biro, alicheka, akampiga Ansima begani. "Huyu mutoto iko na macho."

Alisema hayo tu. Lakini niliporudi nyumbani sikula. Nilijiambia nimekasirika kwa sababu hakunivuta pembeni. Uongo. Nilikuwa nimeona mahali pangu panachukuliwa.

Baada ya stage, nafasi ya injenieri mdogo ikafunguliwa pale pale. Ansima akaweka barua yake. Mimi ndiye niliyemsahihishia. Siku mbili kabla ya mahojiano, direkta aliniita.

"Ni wewe unamujua. Iko tayari?"

Ningeweza kusema ndiyo. Neno moja. Badala yake nikasema, taratibu, kama mtu anayemhurumia: "Ana akili sana. Shida ni kusema. Ana kigugumizi, anakificha. Mbele ya wateja atatuletea aibu."

Mimi pia nilikuwa kwenye meza ya mahojiano. Ansima aliingia na shati jeupe, akataja jina lake wazi kabisa, akaniangalia na tabasamu dogo, kama kusema, umeona? Akaeleza kazi yake ya kumaliza masomo. Alikuwa mzuri kuliko wote tuliowasikia asubuhi ile.

Kisha direkta, ambaye si mtu mbaya, akamuuliza bila kuzunguka: "Nasikia uko na kigugumizi na unakifichaka. Ni kweli?"

Ansima hakumwangalia direkta. Aliniangalia mimi. Nikashusha macho kwenye karatasi zangu.

Alijaribu kujibu. Tulisikia sauti ya kwanza tu ya neno, ikijirudia, ikijirudia, huku kidole chake kikigonga goti chini ya meza. Sitasahau muda ule. Mwishowe akasimama, akainamisha kichwa kutuaga, akatoka.

Jumamosi mume wangu alipanga viti kwenye barza, akavaa kravati yake. "Ansima hayuko anakuya?" Nikamwambia ana shughuli.

Jumamosi iliyofuata alikuja mama yake, na kikapu cha avoka kichwani. Alikuja kunishukuru. "Maman, hata kama hakupata kazi, ulimusaidia sana. Sasa hasemi tena, hata kwa nyumba. Anaandika kwa karatasi. Lakini niliuliza kama kuna mutu alimukosea, akaandika: hapana."

Mume wangu alikuwa amesimama nyuma yangu, amevaa tena kravati yake. Mama yule alipoondoka, aliniuliza mara moja tu nani alimkosea binti yule, nikamwambia yote. Alivua kravati, akaingia ndani. Mpaka leo tunaishi vizuri, lakini kuna namna aliyokuwa akiniangalia ambayo imekwisha.

Nilikwenda kwa direkta nikasema kweli. Alimwita Ansima tena. Hakuja, nafasi ikachukuliwa na mwingine. Nikamfuata Kavumu, nje ya mji, alikohamia kwa shangazi yake na anakouza kabichi kando ya barabara. Nikamuomba msamaha nimesimama katikati ya mafungu ya mboga.

Alinijibu kwa mdomo. Ilichukua muda mrefu, na kila neno lilimtoa jasho. Sikuthubutu kummalizia hata moja.

"Ungenikatalia siku ya kwanza, maman, ningeenda kwa mutu mwingine. Lakini ulinifundisha kwanza kusema. Kisha njo ukaniuzisha kwa direkta."

Mteja akafika, akanyoosha kidole kwenye kabichi. Ansima akamwonyesha bei kwa vidole. Hakugeuka tena kwangu.

Nyinyi mnaosindikiza vijana, nawaomba. Mwanafunzi akikuonyesha mahali panapomuuma, amekukabidhi kitu ambacho hata mama yake hana. Na wivu utakuja. Ukiuona umekuja, usijidanganye kwamba ni ukali wa mwalimu. Mwite, mwambie atafute mtu mwingine wa kumsindikiza. Ataumia siku mbili, kisha ataendelea na safari yake. Ansima angeendelea. Alikuwa ameshaanza.