Moto Aliouacha Baba

Nilipokuwa mtoto kule Kansay, nyumba yenye mwanamume vitani haikuzima moto. Ukizimika, alituambia Ama, bibi yetu mzaa baba, aliyetoka harudi. Na ukiwasha mwingine ni kazi bure, kwa sababu moto mpya haumjui. Wajukuu zangu hunicheka nikiwasimulia haya. Wacheke tu.

Uhuru ulikuwa bado mchanga, na wezi wa ng'ombe walikuwa wametuvamia tena. Yowe lilipopigwa, baba alichukua upinde wake akaungana na wanaume wenzake kuteremka upande wa Baray. Kaka yangu Bura, ambaye hata jando hajaingia, akakamata fimbo akamfuata. Baba akamgeuza mbele za watu.

"Rudi ukae na wanawake, ulinde moto."

Lo! Kumwambia hivyo Bura, mtoto mtukutu aliyemshinda hata padri! Alirudi amevimba kwa hasira. Ama alipomwambia aongeze kuni, alizitupa mafigani mpaka cheche zikaruka. Mama akamkemea. Basi, sikio la kufa halisikii dawa: Bura akanyanyua kibuyu cha maji akamimina chote motoni.

"Haya, lindeni sasa!"

Nyumba ilijaa moshi. Mama alipiga magoti akafukua majivu kwa mikono mitupu, akitafuta walau kaa moja lililo hai. Hakulipata. Bura alisimama mlangoni, hasira yote imemtoka. Ama hakumpiga. Alipekecha moto mwingine, kisha akatutazama mmoja mmoja.

"Hapa hakuna kilichozimika. Mmesikia?"

Baada ya siku chache baba aliletwa amebebwa kwenye ngozi ya ng'ombe. Mshale ulimpata ubavuni. Kabla ya kuzika, wazee walimwuliza Ama kama moto ulizimika. Mimi nilimkazia Ama macho, maana kwa kosa kama lile mtu alilaaniwa na kufukuzwa, awe mtoto, awe nani.

"Haukuzimika," alisema Ama. Mwanawe amelala pale mbele yake, na Ama, ambaye sijapata kumsikia akisema uongo, alisema hivyo kwa ajili ya mjukuu.

Hatukulizungumza tena. Ama alikufa nalo, na Mama pia. Bura akawa mpole, mpole wa kutia huruma, hakugombana tena na mtu. Nilipomtembelea juzijuzi nilikuta mkewe anapikia gesi, lakini yeye, mzee mzima, bado anachochea moto mafigani. Nikajikaza.

"Kaka, baba aliuawa na mshale. Si yale maji."

Akaniuliza, "Mbona siku ile hakuna aliyeniambia?"

 Tulimficha asilaaniwe na wazee, naye akabaki akijilaani mwenyewe maisha yake yote.  Nilichukua ukuni, nikauongeza motoni, nikakaa naye.