Nyundo Niliyoichukua kwa Jina la Mama

Cheka ukitaka, lakini cheka nikishamaliza. Mimi ni mtu wa kanisani, pombe sijawahi kuionja, na asubuhi ninayokusimulia jua lilikuwa limeshachomoza. Sikuota. Nyumbani kwangu Ruanda, kijiji cha huku Mbozi, kuna jembe ambalo halilimi, na ukija nitakuonyesha.

Ilikuwa enzi za Mwingereza. Nilikuwa nimerudi kutoka migodi ya shaba ng'ambo ya mpaka, nikalima kahawa kama wenzangu hapa Mbozi. Kule migodini nilikuwa nafagia karakana, na kwa kuwatazama mafundi wakikunja chuma hamu ikaniingia. Nikajenga kibanda nyuma ya nyumba, nikaweka humo moto na mivukuto ya kuupulizia. Sikuwa mhunzi, nielewe vizuri, ilikuwa raha yangu tu nikitoka shambani. Ila nilimwahidi mama kitu kimoja: kabla mvua hazijaanza nitamfulia jembe kama yale ya baba yake, aliyekuwa mhunzi hasa, kabla majembe ya dukani hayajaja. Mama alikuwa amezeeka na kifua kinamsumbua. Alitaka alishike jembe hilo kabla hajafa, na alilisema wazi.

Basi nikaenda Tunduma kununua vifaa, na hapo ndipo hasira zilipoanza. Muuzaji aliniita "mukwai", kama Wabemba wanavyomheshimu mtu, akaniuzia nyundo inayong'aa, koleo, tupa, na kipande cha reli cha kufulia juu yake. Nilichagua kwa macho, kama mtu anayechagua kitambaa cha shati. Siku ya pili tu kichwa cha nyundo kilichomoka kwenye mpini, kikapita karibu na jicho langu. Tupa ilikuwa laini, ikaliwa yenyewe badala ya kula chuma. Koleo midomo yake haikukutana. Wewe ungevumilia? Mwezi mzima nagonga, na nilichopata ni vipande vilivyopinda.

Mama alikuwa akinitazama tu.

"Nyundo ya babu yako iko kwenye tanuri la zamani," akaniambia. "Tuliiweka humo alipofariki. Lakini chombo cha marehemu hakichukuliwi, baba. Kinaombwa, na anayeomba ni binti yake. Subiri kifua kitulie, nitakwenda mwenyewe."

Nikasubiri wiki. Nikasubiri ya pili. Kifua hakikutulia, na mimi subira iliniishia.

Asubuhi moja ya mwezi wa sita nilifunga vifaa vyote kwenye gunia nyuma ya baiskeli, ili nikamrudishie muuzaji takataka zake. Njia inapita karibu na tanuri lenyewe, lile la udongo, refu kuliko mtu, ambamo wazee waliyeyushia mawe ya chuma. Ukungu ulikuwa mzito. Nikajiuliza, niende hadi Tunduma kugombana wakati nyundo nzuri iko hatua chache kutoka hapa? Nikashuka, nikalibeba gunia.

Mlangoni mwa tanuri alikuwa ameketi mzee, amejifunga ngozi kiunoni, kifua wazi kwenye baridi ile.

"Karibu, mjukuu," akasema. "Fungua gunia tuone."

Sikushtuka, kwa sababu wazee wote waliniita mjukuu. Akashika kifaa kimoja kimoja, akakigonga kwa jiwe, akakisogeza sikioni. Nyundo aliitupa majanini. Tupa nayo akaitupa. Koleo aliligeuzageuza, akaniambia nilipashe moto nikaze midomo yake, litanifaa. Kipande cha reli alikigonga mara mbili, akasikiliza mpaka mlio ukaisha.

"Hiki kizima," akasema. "Kizike nusu kwenye gogo, kisirukeruke."

Niamini, kwa muda ule mfupi nilijifunza mengi kuliko miaka yote ya migodini. Kisha akaingiza mkono ndani ya tanuri, akatoa nyundo fupi, nyeusi. Hapo ndipo nilipoona kwamba pumzi yangu inatoka kama moshi kwa baridi, na yake haitoki kabisa. Nikaogopa, sikufichi.

"Nani amekutuma?" akauliza.

Ningeweza kusema kweli. Lakini nilikuwa nimechoka, nina hasira za mwezi mzima, na nyundo ilikuwa mbele ya macho yangu.

"Mama," nikasema.

"Binti yangu mwenyewe?"

"Ndiyo."

Akafurahi. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, alifurahi sana.

"Basi anakuja kwangu," akasema. "Alikuwa akinipulizia moto kwa mivukuto vizuri huyo, tangu mdogo."

Akanipa nyundo. Niliinama kufunga gunia, nilipoinuka hakuwepo, na umande pale alipoketi haukuwa umeguswa.

Nilimweleza mama yote. Akauliza neno moja tu, kidole gumba cha kushoto kilikuwaje. Nikamwambia kimebapa, hakina ukucha. Ndivyo kilivyokuwa cha baba yake.

"Umesema nimekutuma," akasema. "Anayeomba sharti afike mwenyewe. Sasa ananingoja huko aliko."

Nilirudi kwenye tanuri asubuhi tatu mfululizo, nikaiacha nyundo mlangoni, nikasema kwa sauti kwamba nilidanganya. Mzee hakutokea tena. Kila nikifika nyumbani niliikuta kibandani. Na kazi haikwenda. Chuma kilitoka motoni chekundu, nikiinua nyundo ile kinapoa kabla sijakigonga. Nililia kwa hasira kama mtoto.

Mama alifariki mwezi wa kumi, mchana, nimemshika mkono. Mkono ulipolegea nikasikia mivukuto ikivuma kibandani. Nikakimbilia huko. Hapakuwa na mtu. Mivukuto ilikuwa inapanda na kushuka yenyewe, moto umekolea, na bamba la jembe limewiva katikati ya makaa. Nikagonga kwa nyundo ya babu, machozi yananitoka, na kwa mara ya kwanza chuma kikanitii. Jioni jembe lilikuwa tayari. Kazi yake ya kwanza na ya mwisho ilikuwa kuchimba kaburi la mama.

Basi nawe unayetaka kujitengenezea karakana nyumbani, gonga kila kifaa usikilize kabla hujakichukua. Na ukiulizwa nani amekutuma, sema kweli, hata kama utarudi mikono mitupu. Mimi ningerudi mikono mitupu siku ile, mama angepona kifua, angekwenda kuomba nyundo kwa baba yake, na angerudi nyumbani.