Salamu za Getini kwa Verediana

Kirungu alipewa na kampuni ya ulinzi, lakini kazi Verediana aliifanya kwa mdomo. Pale kwenye ghala la mchele, Ifakara, hakuna aliyekatiza bila kusalimiwa: mgonjwa wa Idete anaendeleaje, mpunga umeshachanua, mtoto kapata shule? Mwenye nia mbaya akishaulizwa habari za mama yake mzazi anaona haya, anapitiliza. Ghala halikuwahi kuguswa.

Kisha ikaja amri mpya: mlinzi akiwa lindoni haongei na wapita njia. Atakayekamatwa anahamishiwa Mlimba, mbali huko kwa treni. Verediana hakuwa na ugomvi na Mlimba, ila kila Jumapili baada ya misa alikwenda Kiberege kumpikia mama mkwe wake, Bibi Oliva, na kutoka Mlimba asingeweza. Alimpenda sana yule bibi.

Basi akafunga mdomo. Jamani, adhabu gani hiyo! Shikamoo zinamwagika getini, naye katoa macho tu kama aliyemeza mfupa. Mboni, muuza vitumbua wa ng'ambo ya barabara, akanuna.

"Da Vere, nimekukosea nini?"

Kimya. Mtaa mzima ukaamini anaumwa, tena vibaya, maana Verediana kunyamaza halikuwa jambo la kawaida. Habari zikafika mpaka Kiberege.

Jumamosi asubuhi msimamizi Deus akaja kukagua, kijana mkali, viatu vinang'aa. Hajamaliza kuzunguka ghala, Mboni huyo na chupa ya uji, kamshika mkono Bibi Oliva aliyeshuka kwenye basi muda huohuo.

"Mwanangu, unaumwa nini?"

Verediana akamtazama Deus. Akamtazama bibi, miguu imejaa vumbi la safari kwa ajili yake. Moyo ukamuuma. Amwache mama mkwe amesimama bila salamu? Akaweka kirungu chini, akapiga goti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Kisha bibi akamgeukia Deus, akamkazia macho, akingoja.

Deus akakohoa. Akachungulia barabara huku na huku. Akavua kofia.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Wewe wa kwa nani?"

Na kijana, palepale lindoni, akaanza kueleza: babu wa Mahenge, shangazi wa Idete, uji nao umeshamfika mkononi.

Verediana akajifuta machozi, akacheka. "Bosi, basi treni ya Mlimba tupande wote."

Deus akanywa uji wake, wala jina la Verediana hakuliandika popote. Kesho yake, baada ya misa, Verediana alikuwa jikoni Kiberege.