Nilimsahihisha Binti Yangu Herufi Moja

Mtu nisiyemjua alinipigia simu Jumapili akaniuliza kama mke wangu yuko tayari kwa jicho lake la kushoto.

Niliitazama simu kama kitu kinachonuka.

Jicho la kushoto ndilo lenye mtoto wa jicho. Tuliojua ni mimi, mke wangu, binti yetu na watu wa hospitali. Huyu katokea wapi?

"Wewe nani?"

"Mzee, usikate. Watu wakijua kazi yangu hukata."

Ngoja nianzie mwanzo, maana hasira zangu hazikuanza siku hiyo.

Mimi ni mstaafu wa kiwanda cha uchapaji. Niliingia pale nikifagia vipande vya karatasi, nikasoma shule ya jioni, nikatoka nikiwa msahihishaji. Wenzangu waliniita Kalamu Nyekundu. Sikuwahi kuona ubaya wa jina hilo.

Hospitali ikatuambia tarehe za upasuaji hutumwa kwa barua pepe tu. Ukikosa siku yako unarudi mwisho wa foleni, na foleni yenyewe ni ya mwaka mzima. Mke wangu alishaanza kumimina chai nje ya kikombe.

Binti yetu ni fundi cherehani, anaishi mji mwingine. Akanishauri kwa simu.

"Baba, fungua anwani yako, halafu sambaza kila ujumbe uje na kwangu. Nitakukumbusha."

"Unadhani nitasahau?"

"Sijasema hivyo, baba."

"Umesema kwa mlango wa nyuma."

Nikakaa mbele ya kompyuta. Jamani, ile programu ina dharau. Niliandika nenosiri, ikaniambia ni dhaifu. Nikaandika lingine, ikataka herufi kubwa. Nikaiwekea, ikataka namba. Nikaiwekea namba, ikataka alama. Nilipomaliza, nenosiri lilifanana na tusi, na nilikuwa nimeshalisahau.

"Baba watoto," mke wangu akasema kutoka kwenye kochi, "hicho chombo hakina masikio. Unamgombeza nani?"

Hatimaye nikapata anwani. Nilijiita msahihishaji mwadilifu, maneno yameunganishwa, maana programu haipendi nafasi. Nikaridhika nayo.

Nikaingia sehemu ya kusambaza. Anwani ya binti ilikuwa kwenye ujumbe wa simu. Nikaisoma, nikaisoma tena.

Duka lake linaitwa Kazi Maridadi. Yeye kaandika "kazimalidadi".

Malidadi. Kwa L. Mtoto wangu mimi.

Nikasema hizi ni haraka za vijana. Nikaandika kwa R, kama inavyotakiwa.

Programu ikauliza: baada ya kusambaza, nakala ibaki kwako au ifutwe? Mimi sipendi marundo. Nikachagua ifutwe. Ikasema inaomba kwanza ridhaa ya mwenye anwani ile. Kabla sijamaliza chai, ridhaa ikaja.

"Umeona binti yangu alivyo mwepesi?" nikamwambia mke wangu.

Tukasubiri. Wiki zikapita. Sanduku langu jeupe kama ukurasa usiochapwa.

"Kwako kuna kitu?" nikamuuliza binti.

"Hakuna, baba. Kwako?"

"Hospitali hawa ni wababaishaji."

Ijumaa nikawafuata. Dada wa mapokezi ni yule yule aliyenakili anwani yangu kutoka kwenye simu yangu.

"Mzee, tulishatuma. Na ukumbusho tukatuma."

"Hamjatuma."

"Hapa inaonyesha zimefika."

"Zimefika kwa nani?"

"Kwako."

"Mimi ndiye mimi, dada, na sijapata."

Watu wa kwenye benchi wakacheka. Badala ya kuuliza tarehe, nikaomba karatasi niandike malalamiko. Nikajaza kurasa mbili zisizo na kosa hata moja. Nilipoinua kichwa, ofisi ya ratiba ilikuwa imefungwa mpaka Jumatatu.

Ndipo Jumapili ile simu ikaita.

"Natengeneza majeneza," yule mtu akasema. "Kazi Maridadi. Ombi lako nililikubali nikidhani ni mteja. Mara zikaanza kuja barua za hospitali. Nikasema, huyu mzee anajipanga mapema."

Nikakaa chini.

"Mbona hukupiga? Namba yangu si imo kwenye barua hizo?"

"Nipige niseme nini? Fundi majeneza anaulizia hali ya mgonjwa? Nimewahi kutukanwa kwa dogo kuliko hilo. Lakini leo umekuja ukumbusho wa mwisho. Ni kesho asubuhi, na mama asile kitu. Nikaona heri matusi."

Sikumtukana. Nilimpigia binti kwanza, sauti juu.

"Kwa nini unaandika malidadi?"

"Baba, ya R ilikuwa na mwenyewe. Ndiyo maana nikaweka L. Kwani wewe uliandikaje?"

Nikakata simu.

Fundi majeneza alikuwa na mzigo wa kupeleka upande wa hospitali, akasema atatupitia. Kulipokucha tukapanda gari lake, ubavuni limeandikwa "Majeneza" kwa herufi kubwa za dhahabu. Getini mlinzi akatusogelea kwa upole wa msibani.

"Poleni, mzee. Mochwari ni mlango wa nyuma."

Mke wangu akatoa kichwa dirishani.

"Mimi bado," akamwambia.

Fundi akacheka mpaka akalala kwenye usukani.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Bandeji ilipotolewa, mke wangu akasoma kila kitu kilichokuwa mbele yake: kalenda, chupa ya dawa, kibao cha mlangoni. Kisha akachukua simu yangu.

"Baba watoto, 'mwadilfu' ni Kiswahili cha wapi?"

"Mwadilifu," nikamsahihisha.

"Hapa ni mwadilfu."

Nikampokonya simu. Kweli, I imeruka. Anwani niliyojivunia ina kosa, na ikishafunguliwa haibadilishwi.

Nikamkumbuka yule dada wa mapokezi. Aliinakili kama ilivyo, herufi kwa herufi, hakuniuliza kitu. Angekuwa na kalamu nyekundu kama yangu, barua zile zisingefika hata kwa fundi majeneza, na mke wangu angekuwa bado anamimina chai mezani.

Wasomaji wangu, neno la kitabuni sahihisheni. Jina la mtu na anwani yake, nakilini.

Na mkitaka kuniandikia, ni mwadilfu. Msiniongezee I.