Sindano Tatu za Abdulwahab

Mume wangu Abdulwahab ni mtunza stoo wa shule hapa Kibaha, na kwa miaka ishirini na tatu hajawahi kupoteza hata ufagio. Watu wa Kongowe, mtaani kwetu, wanamheshimu kwa hilo. Mimi ndiye ninayeishi naye, kwa hiyo heshima yangu ina mipaka.

Mwaka jana, wakati wanaume wa rika lake wanahangaika na presha na sukari, yeye alirudi kwenye santuri. Alinunua Kariakoo mashine ndogo ya kuzipigia, ile inayofungwa kama begi, akaingia nayo ndani kama amebeba trei ya mayai. Sababu alikuwa nayo nzuri, hilo sitamnyima. Mama yake, Bi Mwanajuma, na shoga yake Bi Raudha walipokuwa wasichana waliimba katika kikundi cha taarabu cha Kisarawe, wakarekodi santuri moja. Gramafoni ya kuipigia ilikufa zamani. Sasa mabibi hao, ambao nyumba zao zinatazamana, walitaka kujisikia tena wakiwa pamoja. Bi Raudha alikuwa mgonjwa wa moyo na hakuficha kwamba siku zake zinahesabika.

Idd tukaenda nayo kwa mama mkwe. Bi Raudha akaitoa santuri sandukuni, inang'aa kuliko viatu vya bwana harusi. Sindano ikagusa, ikateleza, ikatoa mngurumo, ikateleza tena hadi katikati. Mtu mwingine angeichunguza santuri. Abdulwahab aliichunguza mashine.

"Tatizo ni hii mashine, ya bei rahisi," akasema. "Nipeni muda, mama zangu. Nitaleta kitu cha uhakika."

"Usikawie basi, mwanangu," Bi Raudha akamwambia.

Hakukawia hata kidogo. Ilimchukua mwezi mmoja tu kuchagua sindano ya pili. Kisha akagundua kuwa sindano nzuri haifai kwenye mashine mbaya, ikabidi inunuliwe mashine nyingine, yenye sindano ya tatu. Hiyo nayo ikadai amplifaya, amplifaya ikadai spika, spika zikadai meza isiyotikisika, maana malori ya Barabara ya Morogoro yalikuwa yanamkosesha raha mtaalamu wetu. Akaazima pima maji kwa fundi mwashi, akawa anapima usawa wa mashine kila asubuhi kabla ya chai. Ukuta wa jikoni umepinda tangu tuhamie. Huo haukupimwa.

Jioni alinikalisha nisikilize santuri zake za mtumba.

"Unasikia besi ilivyotulia?"

"Naisikia, Baba Seifu." Nilichokuwa nasikia ni harufu ya maharage yanayoungua.

Kila wiki mama mkwe alipiga simu. Raudha anauliza, itakuwa lini? Bado kidogo, mama, sauti haijakaa sawa. Nilimwambia aipeleke mashine hivyohivyo ilivyo, akaniangalia kwa huruma, kama anayemtazama mtu asiyejua kusoma.

Bi Raudha alifariki katikati ya mvua za vuli, amplifaya ikiwa mezani inasubiri nyaya zake. Abdulwahab alibeba jeneza hadi makaburini. Sikumsema. Nilikuwa na hasira naye kiasi kwamba ningeanza nisingejua pa kuishia.

Baada ya arobaini tukakodi kirikuu, tukapakia kila kitu, pamoja na ile meza, hadi sebuleni kwa mama mkwe, ambaye ndiye aliyeachiwa santuri. Abdulwahab akapima usawa kwa nusu saa. Sindano ya tatu, ya maana kuliko zote, ikashuka. Ikateleza. Mngurumo ulikuwa uleule, safari hii kwa spika mbili kubwa.

Mama mkwe akasogea kutazama. "Labda Raudha alizidisha mafuta," akasema.

"Mafuta gani, mama?"

"Ya nazi. Alikuwa anaipaka kila Ijumaa, isipauke."

Niliichukua santuri nikaenda nayo uani, nikaiosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, nikikinga karatasi ya katikati isilowe. Uchafu wa miaka na miaka ukatoka, mweusi. Nikaikausha kwa kanga kuukuu. Kazi yote haikuzidi dakika kumi.

Ikaimba. Ilitangulia sauti ya mama mkwe, nyembamba, ya binti anayejua kwamba anatazamwa. Ubeti wa pili akaingia Bi Raudha kwa sauti nzito, na mwisho wa mstari akacheka kidogo, pale pale kwenye santuri, kana kwamba walikuwa wametaniana kabla ya kuanza. Mama mkwe akageuka kutazama mlangoni, kule kwenye nyumba ya ng'ambo iliyofungwa.

"Kumbe ilikuwa maji na sabuni," akasema. Hakuwa anamlaumu mtu.

"Ndiyo, mama," Abdulwahab akajibu, na hapo ndipo alipolia.